Pampu ya Baba Resian

Kajiado
Jumatatu, 3 Februari 2025

Pakiteng,

Nakusalimu wewe na mjukuu wangu Wainaina. Utashangaa kuletewa bahasha na dereva wa maziwa wakati watu wote siku hizi wanasalimiana kwa simu. Hapa kwangu simu hushika ukipanda kilima, na goti langu unalijua. Halafu huko juu hawakosi wachungaji wawili watatu, na mimi siwezi kumpigia mkwe wangu kelele mbele yao kama mtu anayeita mbuzi. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na mmoja. Barua naziweza.

Pampu ya kisima imesimama tangu Ijumaa. Kile kisanduku chake kimewaka taa nyekundu na hakitaki kuzima. Fundi wa kampuni iliyotufungia alipatikana kwa simu ya shemeji yangu Lemein. Akasema kiangazi kimeshusha maji, pampu ikajizima isiungue, na ikishajizima mara tatu kisanduku hujifunga. Maji yamesharudi kisimani, lakini kisanduku hakifunguliwi kwa kidole. Kinafunguliwa kwa kompyuta, kwa ile programu aliyokuwa nayo Baba Resian. Huyo fundi atafika baada ya wiki tatu. Mimi nina ng'ombe arobaini na mmoja. Wiki tatu ni maneno ya mtu anayekunywa maji ya mfereji.

Nimefungua laptop yake. Mwaka jana baada ya mazishi yake uliichukua ukaenda nayo Kitengela, ukairudisha na sura mpya. Nakumbuka nilikuambia kuna mambo ya pampu humo ndani, usiyaguse. Nimetafuta picha ya pampu siku mbili sijaiona. Iko wapi?

Lemein anawapeleka ng'ombe kwenye bwawa lililobaki. Ni kilomita kumi na sita kwenda, na kurudi ni zile zile, na wanarudi na kiu kuliko walivyotoka.

Resian asijue. Daktari amesema alale hospitalini mpaka ajifungue, na presha yake haitaki habari kama hizi. Ndiyo maana sikumpigia yeye akuambie. Tena Resian akibeba maneno yangu huyalainisha njiani, na haya nataka yakufikie yakiwa magumu.

Nalangu
(Mama Resian)


Kitengela
4 Februari 2025

Takwenya, Mama.

Barua yako nimeipata saa nne asubuhi ofisi ya shuttle, alikoiacha Nzioka wa maziwa, nikaisomea hapo hapo nimesimama. Pole sana. Resian hatajua, nimekubali. Jana presha ilikuwa mia sitini juu, leo mia hamsini na nne. Mtoto anacheza vizuri. Jackie, msichana wa dukani kwangu, anakaa naye asubuhi, mimi nashinda naye mchana.

Kuhusu laptop, usiogope. Ile ya zamani ilikuwa imejaa virusi, ndiyo maana niliiwekea mfumo mwingine unaoitwa Linux. Ni mfumo mzuri, hauombi leseni na virusi hauvijui. Shida yake ni kwamba programu ya pampu ilitengenezwa kwa Windows. Programu ipo, imefichika tu. Nitaitoa.

Tafadhali nitumie laptop na Nzioka kesho akipita kuchukua maziwa. Weka pia ule waya mweusi wa kuunganisha kisanduku, na kama Mzee Katoo alibakisha CD au kitabu chochote cha pampu, tia ndani. Mzee Katoo alikuwa mtu wa kuweka vitu, haviwezi kuwa vimepotea.

Ningekuja mwenyewe Jumamosi nimalizane nayo hapo hapo kwenye kisanduku. Ni nusu siku tu. Niambie.

Na yule mtamba wetu mwenye uso mweupe, aliyenifanya Pakiteng wako, yuko sawa?

Pakiteng wako,
Mureithi


Kajiado
5 Februari 2025

Pakiteng,

Iko.

Takwenya yako nimeiitikia. Nzioka anakuletea laptop imefungwa kwa leso, waya, na CD niliyoikuta imezungushiwa gazeti la mwaka 2016 chini ya dawa za kupe. Kuna kitabu kidogo pia. Kimeandikwa maandishi ya sisimizi.

Unasema uje Jumamosi. Uje ukae wapi? Umesahau kisanduku kiko wapi? Wezi walipoanza kung'oa visanduku vya pampu kwa majirani, Baba Resian alihamisha chake akakipiga misumari ukutani mwa chumba chetu, juu ya kitanda, upande ninaolalia. Ule waya ni mfupi kama mkono. Utaingia chumbani mwa mama mkwe wako, upande kitanda chake? Najua kwenu Wakikuyu na nyinyi mna heshima zenu, na najua hata kwetu vijana wa siku hizi wanakaa meza moja na mama mkwe wakila chapati. Mimi bado. Utanifundisha kwa barua, na mimi nitafanya kwa mikono yangu.

Jambo lingine, na nisamehe kulisema wazi. Umeliandika jina lake mara mbili. Kwetu mtu akishaenda jina lake linapumzika. Watoto wake hawaliiti, mimi siliiti, hata kanisani pasta husema Baba Resian. Nimeokoka, najua jina haliwezi kumwinua mtu kaburini. Lakini nililiona kwenye karatasi yako nikalazimika kukaa chini. Usiliandike tena.

Ndama wawili wamelala jana bwawani hawakuamka. Mtamba wetu anakula.

Nalangu


Kitengela
8 Februari 2025

Takwenya, Mama.

Nisamehe kwa lile jina. Nilikosa.

Nimechukua siku mbili na nitakueleza kwa nini, usije ukadhani nimelala. Kwanza niliweka CD kwenye laptop mpya ya Windows hapa dukani, nikijua nitamaliza kwa dakika kumi. Windows mpya ikaikataa, ikasema programu ni ya kizamani mno. Nikaazima nyingine ya zamani kidogo kwa Kiragu, jirani yangu wa duka. Hiyo ikakubali programu lakini ikaukataa waya, ikasema chipu iliyo ndani ya waya si halali. Nilitoka nje nikasimama barabarani nikitazama malori ya mawe.

Ndipo nikarudi kwa laptop yako mwenyewe, ya Linux niliyokuwa naionea aibu. Waya imeutambua mara moja bila swali. Programu nayo nimeifungulia ndani ya kitu kinaitwa Wine. Usishtuke Mama, jina ni la divai lakini hakina ulevi. Kazi yake ni kama ya yule mkalimani wa kanisani kwenu mhubiri akitoka Nairobi: programu inasema kwa Kiwindows, Wine anasimama kando anaiambia kompyuta kwa Kilinux, na kila mmoja anadhani anaongea na ndugu yake. Programu imefunguka. Nilikaa nikaitazama tu.

Sasa kazi ni yako. Fanya saa sita, jua likiwa limeshika paneli. Chomeka waya kwenye kisanduku kwanza, halafu kwenye laptop, upande wa kushoto, shimo la nyuma. Nimelipaka rangi ya kucha ya Jackie ulione. Washa. Katikati ya kioo utaona picha moja tu, nimetoa nyingine zote. Bonyeza mara mbili. Mkalimani huchukua kama dakika moja kujikohoza, usimharakishe. Ukiona mstari wa kijani chini, kisanduku na laptop vimesalimiana. Kisha patatokea mahali pa kuandika neno la siri.

Neno hilo nalijua. Siku fundi anakiunganisha upya kisanduku huko chumbani mimi nilikuwa nje chini ya dirisha nikiwapitishia nyaya. Fundi alimwambia mzee achague neno, mzee akacheka akasema ataweka jina lake mwenyewe ili asije akasahau. Siliandiki hapa kwa sababu ya ombi lako. Liandike kama alivyokuwa akilitia sahihi, herufi ya kwanza kubwa. Kisha bonyeza Enter.

Jambo moja kubwa sana. Kitabu kinasema neno likikosewa mara tano, kisanduku kinajifunga moja kwa moja na kinarudishwa kiwandani. Nenda polepole.

Pakiteng wako,
Mureithi


Kajiado
10 Februari 2025

Pakiteng,

Iko. Laptop imefika salama na rangi ya kucha nimeiona.

Nimefanya yote. Nilipanda kitandani na viatu, jambo ambalo nimewachapa watoto wangu kwa ajili yake. Waya uliingia. Picha ikafunguka, mkalimani wako akajikohoza, mstari ukawa wa kijani. Nikamwita Lemein aje mlangoni aone.

Neno limekataliwa. Niliandika jina lake, ikaja taa nyekundu na kengele ndogo. Nikaandika tena, ikakataa. Nikaacha kwa kuogopa hizo tano zako. Zimebaki tatu.

Una hakika na ulichokisikia dirishani? Au ni huyu mkalimani anageuza maneno? Nimewahi kumsikia mkalimani akigeuza mahubiri mazima na hakuna aliyemsimamisha.

Ng'ombe wamekufa watano sasa, na wale ndama. Lemein amesimamisha safari ya bwawa kwa wale dhaifu, wanabaki hapa tunawapa maji ya mtungi kwa sufuria, na mtungi wa punda haujazi hata tumbo la ng'ombe mmoja. Mtamba unayemuuliza bado anasimama.

Resian alinipata juzi kwa simu Lemein alipokuwa kilimani na mimi nimepandishwa kwa pikipiki. Akaniuliza mbona sauti yangu ni kavu. Nikamwambia ni vumbi.

Nalangu


Kitengela
11 Februari 2025

Takwenya, Mama.

Niliposoma "limekataliwa" niliirudia barua nzima. Nimelisikia neno lile kwa masikio yangu mawili, Mama, na kicheko chake nikakisikia.

Kwa hiyo lazima ni mkalimani. Inawezekana Wine anachanganya herufi za kibodi, unabonyeza moja yeye anapeleka nyingine, na kwenye neno la siri huwezi kuona kwa sababu kioo kinaonyesha nyota tu. Usiku wa leo nitakuwa wodini, lakini mchana huu nimekaa nikairekebisha kwa laptop nyingine, na marekebisho yamo kwenye flash disk iliyo ndani ya bahasha hii. Ichomeke, subiri mpaka itokee alama ya tiki, itoe.

Kisha, kabla hujagusa neno la siri, fungua ule ukurasa mweupe ambao nimeuita DAFTARI. Andika humo lile jina. Angalia kama kinachotokea ndicho ulichobonyeza. Ninakilie kwenye barua herufi kwa herufi, au kama hutaki kunakili, niambie tu ni sawa au si sawa. Likitokea sawa huko, litakuwa sawa kwa kisanduku. Hapo ndipo ujaribu tena, mara moja tu.

Presha ya Resian ni mia sitini na tano. Daktari ameanza kutaja upasuaji. Ameniuliza mara mbili kama kwenu kuna shida. Nimemwambia hakuna. Sijawahi kumdanganya hivi tangu tuoane, na nikitoka wodini nanawa uso.

Mureithi


Kajiado
12 Februari 2025

Pakiteng,

Nimechomeka hicho kidude, tiki imekuja, nimekitoa. Nimefungua DAFTARI. Nimeandika a b c d mpaka z. Zote zimetoka sawasawa, kubwa na ndogo. Mkalimani hana kosa.

Nikajaribu neno. Likakataliwa. Nilikasirika nikajaribu tena. Likakataliwa. Najua uliniambia mara moja tu, usinisomee. Imebaki moja.

Sasa nitakuambia ninachofikiri. Laptop hii ilikuwa inafanya kazi. Baba Resian alikaa kitandani pale na kuizungumzisha pampu miaka minane, hakuhitaji mkalimani wala flash wala rangi ya kucha. Ukaja wewe na Linux yako. Nilikuambia usiguse mambo ya pampu, ukasema sawa Mama. Niliridhika kwa sababu wewe ndiye fundi. Leo nimehesabu ngozi tisa kwenye ua.

Usiniambie tena imefichika. Niambie ilienda wapi.

Nalangu


Kitengela
13 Februari 2025

Mama,

Haikufichika. Niliifuta.

Siku ile uliponipa laptop nilikuwa na kazi nyingine kumi. Nilinakili picha za familia, zote mia nane, nikaona nimemaliza kazi ya maana. Mambo ya pampu niliyasahau kabisa. Nikabonyeza, Linux ikafuta kila kitu. Nilikumbuka nikiwa tayari nimekurudishia, nikajiambia ah, fundi wa kampuni ana yake. Barua yako ya kwanza ilipofika nikaandika imefichika kwa sababu niliona aibu kukuambia wewe, si mwingine yeyote, wewe. Kama si ile CD chini ya dawa za kupe, tungekuwa hatuna hata cha kujaribu. Ngozi tisa hizo ni zangu. Sijui nitasimama wapi mbele yako.

Nimesema yangu. Sasa naomba nikuulize, na kama nakosa adabu unisamehe, maana hili siwezi kulipitisha kwa mtu mwingine.

Nilikuomba uandike jina kwenye DAFTARI. Ukaniandikia a b c mpaka z. Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja haruki swali hivi hivi. Barua yako ya tarehe kumi inasema uliandika jina lake. Mama, ni jina gani uliloandika?

Usijaribu ile ya mwisho mpaka unijibu. Resian anaingia theatre ya upasuaji kesho au kesho kutwa, wanangoja damu ya akiba. Sitaweza kuondoka hapa.

Mureithi


Kajiado
14 Februari 2025

Pakiteng,

Niliandika babaresian. Mara ya pili nikaandika mzee. Ya tatu, Baba Resian na herufi kubwa. Ya nne sitakuambia, ni jina ambalo nilimwita mimi peke yangu, na hata nilipokuwa naliandika nilijua si lenyewe.

Hilo lingine sikuliandika. Nilikudanganya. Kila mara niliweka kidole juu ya K, kikasimama hapo. Lemein yuko mlangoni anangoja, ng'ombe wanalia nje, na mimi nakaa kwenye kitanda cha mume wangu kidole kimekataa. Kisha nikakuandikia wewe kwamba programu yako imekosea, ukashinda mchana mzima ukirekebisha kisichoharibika. Huko ni kukuonea, na nimekuonea ukiwa na mke wodini. Mimi ndiye mama yake.

Hujui jambo moja. Baba Resian hakwenda shule. Mwaka 1984 alikuja kwenye darasa la watu wazima nililokuwa nafundisha jioni pale shuleni, amevaa shuka, fimbo ameiacha nje. Wengine walitaka kusoma Biblia au bei za mnadani. Yeye alisema anataka kujua kuandika jina lake tu, halafu ataenda. Nilimshika mkono nikamwongoza. K ilimchukua jioni tatu, mguu wake wa chini ulikuwa unakimbia kila mara. Alipoliweza hakuondoka. Alirudi kila jioni akiandika neno lile lile, mpaka mwalimu mkuu akaniuliza mwanafunzi huyu anasoma nini hasa. Kwa hiyo si kwamba silijui. Mkono uliojifunza kuliandika ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Na uongo mwingine. Mtamba mwenye uso mweupe, yule uliyenipa siku ya kumchukua Resian, ambaye kwa ajili yake mimi nakuita Pakiteng na wewe unatia sahihi hivyo, alikufa tarehe nane. Alilala kando ya birika tupu, pua ndani ya birika. Nilikuandikia anasimama. Sikuweza kukuambia kwamba kitu kilichotufanya watu wa nyumba moja kimekufa kwa kiu mikononi mwangu.

Asubuhi hii nilisoma upya barua zetu zote. Siku sita tangu afe nimekuita Pakiteng kwa ng'ombe ambaye ngozi yake inakauka uani. Niliandika bila kutetemeka. Hakuna kilichonipata. Ulijibu, ndiyo yote.

Ni saa tano na nusu. Jua limeshika paneli. Nampa Nzioka barua hii kwanza, ili nisiwe na njia ya kurudi nyuma, halafu naingia chumbani. Imebaki moja. Kama ulisikia vibaya dirishani, basi tumekwisha, na sitakulaumu.

Nalangu


Kajiado
15 Februari 2025

Pakiteng,

Nilimwambia Lemein aondoke mlangoni. Nilifunga mlango.

Mstari wa kijani ukaja. Nikaandika K. Nikaona nyota moja kwenye kioo. Nilishukuru kwamba programu yako inaonyesha nyota, maana herufi zenyewe nisingeweza kuzitazama zikijipanga. Nikaandika zilizobaki polepole, nikizitaja kwa sauti, kama nilivyomtajia yeye. Nilipofika mwisho nikagundua nimelitamka lote. Chumbani mle, kwa sauti, mwezi wa tisa tangu aende.

Nikabonyeza.

Taa nyekundu ikazima. Nikadhani nimeua kila kitu. Ikakaa hivyo, sijui muda gani, halafu ikawaka ya kijani, na nikasikia ule mngurumo chini ya ardhi ambao zamani ulinikera kila asubuhi. Sikutoka nje. Nilikaa kitandani nikalia, Mureithi, kilio ambacho kwenye mazishi hakikutoka kwa sababu kulikuwa na wageni wa kulisha.

Nilipotoka, birika lilikuwa limefika nusu na Lemein alikuwa anawazuia ng'ombe kwa fimbo wasikanyagane. Amesimama ndani ya maji na viatu vyake vya kanisani. Wamebaki ishirini na tisa. Wote wamekunywa.

Ngozi zile si zako peke yako. Nne ulizifanya wewe kwa kufuta, zilizobaki nilizifanya mimi kwa kidole. Usibishane na mwalimu kuhusu hesabu.

Sijapata habari za Resian tangu juzi. Pampu imepona na sasa ndiyo siwezi kukaa. Lemein nimempeleka kilimani na simu mbili, ameambiwa asishuke bila neno.

Nalangu


Kitengela
17 Februari 2025

Takwenya, Mama.

Najua Lemein alikufikishia ujumbe, maana aliniambia kwa simu kwamba ameshuka kilima kile akikimbia na ameanguka mara moja. Lakini niruhusu niandike kwa ukamilifu. Walimwingiza jana saa mbili asubuhi. Saa tatu na dakika kumi nikasikia kilio. Ni mvulana, kilo mbili na nusu. Resian alipoteza damu, ikarudishwa, leo amekunywa uji na amenigombeza kwa kuficha. Nimemwambia yote: kisima, ng'ombe, kidole chako na kufuta kwangu. Kisha akaomba asomewe barua zako, na nimemsomea zote isipokuwa mahali pa jina la nne.

Ya mtamba nimeisoma nikiwa kwenye benchi ya hospitali, mara nyingi. Bado naona mimi ni Pakiteng wako, kama utakubali.

Sasa kuna jambo, na nimelizunguka siku nzima.

Unajua desturi ya kwetu. Mvulana wa kwanza huitwa kwa babu yake upande wa baba, ndiyo maana tuna Wainaina. Wa pili huitwa kwa babu upande wa mama. Kwetu hilo si la kuchagua. Mtu akienda, mtoto ndiye anayembeba, na jina huitwa uani asubuhi hadi jioni: njoo ule, acha hiyo, uko wapi. Mama yangu Gathoni amekuja na shuka na tayari anauliza mtoto ameitwa nani, ingawa anajua. Na mimi najua kwenu jina hilo limepumzishwa. Hakuna wa kuniambia ni lipi lililo sawa. Resian amesema niulize kwako, na kwamba hatasema neno.

Muuguzi alituletea fomu ya kuzaliwa. Nimejaza tarehe, uzito, jina la mama, langu. Sehemu ya jina la mtoto nimeacha wazi. Fomu imo ndani ya bahasha hii. Ukiona ni vigumu, andika jina lingine lolote unalotaka, nami nitazungumza na mama yangu. Hakuna atakayekuuliza sababu.

Pakiteng wako,
Mureithi


Kajiado
18 Februari 2025

Pakiteng,

Iko. Jina la Pakiteng halijafa, tutaendelea nalo. Kuna mtamba mwingine hapa mwenye madoa ambaye amekunywa maji tangu Ijumaa mpaka amekuwa na kiburi. Huyo ni wa mtoto.

Nitakuja Kitengela Alhamisi na Nzioka. Mwambie Gathoni nitaingia kwa mlango wa jikoni, na wewe nikifika uwe dukani kwako, hapo kando ya nyumba, na kazi zako. Nikishamaliza na mtoto mtaniambia ni saa ngapi utarudi, nitoke. Heshima iko pale pale. Ila dirisha la chumba uliache wazi, utasikia nikimwita mtoto.

Laptop nimeiweka juu ya kabati. Mkalimani simtoi. Jana nilifungua DAFTARI, mchana, bila shida yoyote ya pampu, nikaandika neno moja mpaka ukurasa ukajaa. K inasimama vizuri sasa.

Nakurudishia fomu. Nimeijaza kwa kalamu ya wino, ile niliyokuwa nasahihishia, msije mkaifuta. Pale palipokuwa wazi nimeandika:

Katoo.

Nalangu